Hesabu Kwanza, Bomba la Dawa Baadaye

Mada iliyotolewa na ofisi ya uratibu wa miradi ya dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili, Mwanakwerekwe, Unguja

   

Katika ratiba mada hii imeandikwa “Modeli za Ikolojia katika Kusimamia na Kuhifadhi Wadudu”. Tuliwaona baadhi yenu mkitazamana mlipoisoma. Msiwe na hofu. Kila hesabu tutakayoifanya leo inaenea katika ubao huu mmoja, na mama anayeuza embe hapo sokoni Mwanakwerekwe anaifanya kichwani kila siku anapopanga mafungu.

Tuanze na jambo lililotuleta. Katika maombi ya miradi yaliyofika ofisini kwetu, ombi linalojirudia ni moja: mabomba ya kupulizia dawa, na dawa yenyewe, kwa ajili ya miembe. Sababu tunaifahamu wote. Embe inachumwa ikiwa nzuri kwa nje, inafika sokoni, mteja anaipasua na kukuta funza. Muuzaji anarudisha fedha, na siku ya pili mteja huyo hamrudii. Hasara hiyo ni ada ya shule na ni dawa ya mgonjwa, hatuidharau hata kidogo. Hata hivyo, pendekezo la ofisi yetu ni kwamba fedha za mabomba zisitoke bado. Tunaomba msimu mmoja wa kuhesabu kwanza. Tunajua pendekezo hili halitawafurahisha wengi, ndiyo maana tumeona tulieleze kwa kirefu badala ya kuwaandikia barua ya mistari mitatu.

Modeli ni nini?

Tukiondoa majina makubwa, modeli ni daftari la mapato na matumizi ya viumbe. Wanaozaliwa na wanaohamia ni mapato. Wanaokufa na wanaohama ni matumizi. Mweka hazina yeyote wa usharika anajua kwamba salio la mwezi ujao ni salio la mwezi huu, ukijumlisha yaliyoingia na kutoa yaliyotoka. Mtaalamu wa ikolojia hufanya hivyo hivyo kwa nzi, nyuki au chungu, ila yeye huuliza swali moja zaidi: nikiibadili tarakimu hii moja, salio la baada ya miezi sita litakuwaje? Kompyuta humrahisishia kazi, lakini mzizi wa jambo ni kalamu na karatasi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa wadudu waharibifu mambo huwa kinyume: bila daftari huongezeka bila habari.

Mbung'o wa Unguja

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Mfano mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki ulitokea kwenye kisiwa hiki, na vijana wengi waliomo humu hawaujui.

Wazee wetu mliofuga ng'ombe karibu na msitu wa Jozani mnamkumbuka mbung'o. Unguja ilikuwa na aina moja tu, ambayo wataalamu huiita Glossina austeni. Alikuwa akiwaambukiza ng'ombe nagana: mnyama anakonda, damu inapungua, maziwa yanakauka, mimba zinatoka, mwisho anakufa. Mfugaji alikuwa na mambo mawili ya kuchagua, kuhangaika na sindano mwaka hadi mwaka au kuacha kufuga.

Sasa mtazameni mdudu huyu kwa jicho la mweka hazina. Nzi wa kawaida hutaga mayai mengi kwa mkupuo. Mbung'o jike hatagi. Hubeba buu mmoja tu tumboni, humlisha kwa maziwa yake mwenyewe humo humo tumboni, na humzaa akiwa amekamilika. Buu hujifukia ardhini na kukaa kiasi cha mwezi mzima hivi kabla ya kutoka mbung'o kamili. Jike huzaa kila baada ya siku 9 au 10, na hata akibahatika kuishi miezi mitatu hafikishi watoto kumi. Tena kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake. Kiumbe mwenye mapato madogo namna hii hawezi kuhimili matumizi makubwa. Watafiti waliofanya kazi Zimbabwe walikokotoa kwamba ukiongeza vifo vya majike kwa asilimia 4 hivi kwa siku, bila kukatiza, kundi zima litaporomoka. Mtu anayeona mbung'o wamejaa msituni hawezi kuamini tarakimu ndogo kama hiyo, lakini ndivyo hesabu inavyosema.

Kazi ya kuwapunguza ilianza hapa mwaka 1988. Ng'ombe walimiminiwa dawa mgongoni, ili mbung'o anayekuja kunyonya afe, na katika baadhi ya maeneo ya misitu vikatundikwa vitambaa vilivyolowekwa dawa. Mbung'o walipungua sana, lakini hawakwisha.

Kwa nini hawakwisha? Hapa inaingia hesabu ya Mmarekani mmoja, Edward Knipling, ambayo aliichapisha mwaka 1955. Tuiandike ubaoni. Tuseme kuna majike milioni 1 na dawa yako ni kali, inaua tisa katika kila kumi kwa kila kizazi. Watabaki 100,000, kisha 10,000, kisha 1,000, kisha 100, kisha 10, kisha 1. Dawa hufanya kazi kubwa mwanzoni wadudu wakiwa wengi. Mwishoni unapulizia msitu mzima, kwa gharama ile ile, ili umpate mdudu mmoja.

Knipling akauliza, vipi ukiingiza madume tasa? Kila kizazi unaachia madume milioni 2 waliopigwa mionzi, wazima wa kuruka na kupanda lakini mbegu zao hazizalishi. Madume wa porini ni milioni 1. Kwa hiyo katika kila majike watatu, wawili watapata dume tasa na mmoja tu atazaa. Kizazi kinachofuata kina majike 333,333. Unaachia tena madume milioni 2 wale wale. Sasa ni tasa sita kwa dume mmoja wa porini, hivyo anazaa jike mmoja katika kila saba: 47,619. Unaachia tena, na sasa ni tasa 42 kwa mmoja: 1,107. Mara ya nne habaki hata mmoja. Njia hii ni dhaifu wadudu wakiwa wengi, na hupata nguvu kadiri wanavyopungua. Ni kinyume kabisa cha dawa. Ndiyo maana mpango mzuri huanza na dawa na kumalizia na madume tasa. Mwenye kuanza na madume tasa atafilisika, na mwenye kumalizia na dawa hatamaliza.

Hesabu hiyo ilikwisha kujaribiwa mwaka 1954 katika kisiwa cha Curaçao, dhidi ya nzi ambaye funza wake hula nyama ya mifugo iliyo hai, na nzi yule akatoweka kisiwani.

Kwa Unguja, mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, pamoja na Serikali ya Tanzania na Serikali ya Zanzibar, walianza kazi. Mbung'o walizalishwa Tanga, kwenye taasisi ya utafiti wa mbung'o na nagana, na madume wakapigwa mionzi huko huko. Waliletwa kwa ndege ndogo wakiwa ndani ya maboksi ya karatasi ngumu na kudondoshwa mara mbili kwa wiki, kwa mistari iliyopishana kilometa 1 hadi 2, juu ya kisiwa kizima. Kuanzia Agosti 1994 hadi Desemba 1997 waliachiwa madume zaidi ya milioni 8.5. Msitarajie kusikia kwamba watu walifurahi kuongezewa mbung'o kutoka angani. Jaribuni kufikiria wenyewe kumweleza mfugaji jambo hilo!

Lakini sehemu tunayoipenda zaidi sisi wa ofisi ya miradi ni daftari. Watumishi walitandaza mitego ya ubao wenye gundi msituni na kuhesabu kila mbung'o aliyenasa, wa porini na tasa, kila mmoja kwa safu yake. Katikati ya mwaka 1995 uwiano ulipita tasa 50 kwa dume mmoja wa porini, na mwisho wa mwaka ukapita 100. Majike walipasuliwa chini ya hadubini kutazama kama wamebeba yai lililokufa au mfuko mtupu. Robo ya kwanza ya mwaka 1995, majike vijana wa namna hiyo hawakufika asilimia 25. Robo ya mwisho walizidi 70. Tena, majike walionaswa wakawa wengi wao ni wazee. Ndugu zangu, kijiji ambacho hakuna watoto wachanga, hata kama leo kimejaa watu, mwisho wake unajulikana. Waliokuwa wakisoma daftari waliuona mwisho kabla ya wafugaji. Mwanzoni mwa 1996 kundi likaanguka. Dume wa mwisho wa porini alinaswa Agosti 1996 na jike wa mwisho mwanzoni mwa Septemba.

Sasa tuulizane kwa uaminifu. Kama sisi tungekuwa kamati ya mradi ule, na Septemba 1996 mitego inarudi mitupu, tungefanya nini? Bila shaka tungeita wageni, tungechinja ng'ombe, tungefunga hesabu. Wao waliendelea kuachia madume tasa hadi Desemba 1997, muda wa vizazi sita vya mbung'o. Mtego mtupu hauna maana kwamba msitu ni mtupu. Mbung'o wakiwa wachache sana, uwezekano wa mmoja kupita penye mtego ni mdogo. Kwa hiyo swali linageuka: tukose kumnasa kwa muda gani, kwa mitego mingapi, ndipo tuseme kwa haki kwamba hayupo? Hilo nalo lina hesabu yake, na mwaka 2005 wanahesabu Barclay na Hargrove walichapisha kanuni za jambo hilo hasa, wakimtolea mfano mbung'o.

Kwa wafadhili wetu tungependa kusema jambo hapa, nao watatuwia radhi. Fedha nyingi za miradi huja kwa mikataba ya miaka mitatu. Kutoka 1988 hadi 1997 ni miaka tisa. Kama kazi hii ingefungwa baada ya mitatu, ripoti yake ingesomeka vizuri mno, yenye picha za ng'ombe na mchoro unaoshuka, na mbung'o wangebaki msituni wakizaana taratibu.

Hata hivyo tusichukue mfano huu na kuupeleka kila mahali. Katika daftari letu kuna safu ya wanaohamia. Kutoka bara hadi Unguja ni bahari ya kilometa zipatazo 35, na mbung'o haivuki. Safu hiyo ilikuwa sifuri. Bara haiwi sifuri: ukisafisha wilaya hii, ya jirani inakuletea wengine. Aina hii ya mbung'o bado ipo katika pwani ya bara mpaka leo, jambo ambalo pia linawajibu wale wanaotuuliza kama binadamu ana ruhusa ya kumfuta kiumbe wa Mungu duniani. Hapa Unguja alitolewa kisiwani, hakufutwa duniani. Swali lenyewe ni zito na wachungaji wetu watalishughulikia vizuri kuliko waratibu wa miradi.

Embe

Turudi kwenye miembe. Nzi anayetuharibia sana ni mgeni kutoka Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na Tanzania mwaka huo huo, na tangu hapo ameenea sehemu kubwa ya Afrika. Jike hutoboa ganda la embe na kutaga ndani. Funza hula nyama ya tunda, tunda huanguka, funza huingia mchangani na kugeuka pupa. Katika joto letu kizazi kizima huchukua kiasi cha mwezi, na jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Linganisheni na mbung'o asiyefikisha watoto kumi!

Tufanye hesabu nyingine, ya mfano tu. Tuseme kila jike huacha mabinti 10 wanaofikia kuzaa. Unanunua bomba, unapulizia kwa bidii, unaua asilimia 80. Ukitembea shambani utawaona nzi wamekufa chini ya miti na utamshukuru Mungu. Lakini wamebaki 2 mahali pa 1. Umeua wanane katika kumi na bado nzi wameongezeka maradufu. Kwa mdudu wa namna hii, chini ya asilimia 90 ni kupoteza fedha.

Basi tuseme tumejifunza njia nzuri na tunafikia asilimia 95. Katika shehia kuna mashamba 10 yanayolingana, kila moja lina nzi 100. Tisa ni ya waumini wetu walio katika mradi. Moja halimo. Baada ya kizazi kimoja, kila shamba la mradi lina nzi 50, jumla 450. Lile la kumi lina 1,000. Nzi hana mpaka, wakitawanyika sawasawa kila shamba litakuwa na 145. Wakulima tisa wamefanya kazi kwa asilimia 95, na nzi wameongezeka kutoka 100 hadi 145. Kizazi kinachofuata watakuwa 210. Lakini huyo wa kumi akiingia, inakuwa 50, kisha 25, kisha 12 au 13.

Hapa tunaomba tusikilizane vizuri. Waumini wetu ni wachache katika kisiwa hiki. Mradi wa embe unaohudumia nyumba za Walutheri peke yake utashindwa, hata ukiendeshwa na malaika, kwa sababu nzi haulizi shamba ni la nani. Ndiyo maana leo tumewaalika masheha. Ndiyo maana tumewaandikia wafadhili kuomba neno “wanausharika” katika mkataba libadilishwe kuwa “wakazi wa shehia”. Baadhi ya wazee wa kanisa wametuambia fedha za sadaka ni za watu wa kanisa. Tunawaheshimu, lakini tunawaomba waitazame tena tarakimu 145 iliyoko ubaoni.

Na katika hesabu hii, mahali rahisi pa kumpiga nzi ni chini ya mti. Embe moja iliyooza chini ina funza wengi ambao hawajaruka. Ukiziokota embe zilizoanguka, mara mbili au tatu kwa wiki, ukazifukia nusu mita kwenda chini au ukazifunga ndani ya mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani, unaua mapato ya mwezi ujao bila bomba. Watoto wanaweza. Lakini ifanywe na shehia nzima.

Maji moto

Jambo la tatu ndilo linalotutia hofu zaidi kuhusu mabomba, nalo linahusu mdudu ambaye hatutaki afe.

Wote mnawajua maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mkarafuu na mwembe kuwa viota. Mchumaji akipanda anashuka haraka kuliko alivyopanda. Miaka ya mwanzo ya 1950 mtafiti Mwingereza, M. J. Way, alifanya kazi hapa Zanzibar juu ya chungu hawa na minazi. Wakati huo vidaka vilikuwa vikipukutika kabla ya kufikia kitale, na mwenye kosa alikuwa kunguni wa minazi, mdudu anayefyonza nazi changa. Kunguni wachache tu wanatosha kuuharibu mnazi. Way alionyesha kwamba mnazi wenye maji moto ulilindwa na kunguni huyo, na ule ambao maji moto walifukuzwa na chungu wengine wa ardhini uliteseka. Yule kunguni mpaka leo kwa jina la kitaalamu anaitwa Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Way. Sijui kama ni heshima kubwa, kuitwa kunguni.

Miaka mingi baadaye, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Benin ulionyesha kwamba maji moto hupunguza pia uharibifu wa nzi wa matunda kwenye miembe. Hukamata funza wanaotoka, na uwepo wao tu humsumbua jike anayetaka kutaga.

Sasa ingieni na bomba. Dawa haichagui. Inamuua nzi na inamuua maji moto. Je, hasara inalingana? Mwanahesabu Mwitalia, Vito Volterra, alilijibu swali hili mwaka 1926, na alianzia kwa samaki. Mkwewe, Umberto D'Ancona, alikuwa ameona katika takwimu za masoko ya samaki ya bahari ya Adria kwamba wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wavuvi walipopungua baharini, samaki walao wenzao waliongezeka kwa uwiano. Volterra aliandika milinganyo miwili, mmoja wa mlaji na mmoja wa mliwa, akakuta kwamba ukiwapunguza wote wawili kwa kiasi kile kile, anayefaidika ni mliwa. Mlaji hupata hasara mara mbili: anakufa kwa wavu, na chakula chake kinapungua. Mliwa hupata hasara moja na faida moja: adui yake amepungua. Wekeni dawa mahali pa wavu, maji moto mahali pa papa, na nzi mahali pa dagaa.

Hayo si ya karatasini tu. Kule California wakulima wa machungwa waliokolewa na mbawakawa mdogo mwekundu aliyeletwa kutoka Australia mwaka 1888 na 1889 kula wadudu magamba weupe. Katikati ya miaka ya 1940 ikaja DDT, mbawakawa wakafa, na wadudu magamba wakarudi mashambani.

Maji moto ana daftari lake pia. Kundi moja hukaa juu ya miti kadhaa. Malkia wake akifa kundi zima hufifia, hata kama wafanyakazi bado wanaonekana wengi kwa majuma. Mti ukitengwa, matawi yasigusane na mengine, wanapita ardhini ambako chungu wengine wanawavizia. Kwa hiyo kumhifadhi ni kuongeza mapato yake na kupunguza matumizi: kufunga kamba au fito kati ya mti na mti, kutofyeka miti yote anayopenda, kutochoma viota. Kuhusu kuumwa wakati wa kuchuma, hatuna jibu la kufurahisha. Kujipaka majivu mikononi husaidia kiasi. Mama mmoja wa kikundi alituambia afadhali aumwe na maji moto kuliko kurudishiwa embe sokoni, ingawa mwanawe anayepanda mti hakuonekana kukubaliana naye.

Hatusemi dawa ni haramu. Mbung'o wa Unguja asingeondoka bila dawa ya kuanzia. Lakini ilimiminwa mgongoni mwa ng'ombe na kwenye vitambaa, mahali mbung'o anapotua mwenyewe. Kwa embe pia upo uwezekano wa chambo cha protini chenye dawa kidogo, kinachorushwa sehemu ndogo tu ya mti, nzi akifuate. Hilo linaweza kuwa ombi letu la msimu ujao, tukijua ni miti ipi na mwezi gani.

Tunachoomba

Kila shehia itakayokubali itapewa mitego, daftari na kalamu. Mitego tutaitengeneza wenyewe kwa chupa tupu za maji, ndani kuna pamba yenye chambo cha harufu inayovuta madume. Vijana wawili, mmoja wa usharika na mmoja atakayechaguliwa na sheha, watahesabu kila Jumamosi. Kunasa madume wengi msikuone kuwa ni ushindi, maana dume mmoja aliyebaki hupanda majike wengi. Mtego ni wa kuhesabia.

Pamoja na hayo, kila wiki mbili zichukuliwe embe kutoka miti iliyokubaliwa, ziwekwe juu ya mchanga ndani ya ndoo, zifunikwe kitambaa, na pupa wahesabiwe. Hiyo ndiyo tarakimu ya hasara. Safu ya tatu ni ya maji moto: katika kila miti kumi, mingapi ina njia ya chungu hao. Mwisho wa msimu tutaziweka safu tatu kando kwa kando na kuwapelekea wataalamu wa utafiti wa kilimo wa Kizimbani watusaidie kuzikokotoa.

Kwa wafadhili: ripoti ya robo ya kwanza itaonyesha nzi wakiongezeka. Ndivyo ilivyo embe zinapoiva, tusije tukaandikiana barua za wasiwasi. Gharama zake ni ndogo mno kuliko mabomba yaliyoombwa, na salio litabaki katika akaunti ya mradi hadi hapo kamati zitakapoketi tena na madaftari mezani.

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza kuhesabu gharama. Kamati zinazotaka kuanza mziandikishe shehia zenu kwa katibu kabla ya chakula cha mchana, mkitaja idadi ya miembe na majina ya vijana wawili. Sheha na asaini mwenyewe. Na yeyote aliye na chupa tupu za lita moja na nusu asizitupe.